Vita Nilivyovisikia Dirishani

Mjukuu wangu Tumpe hajui kusoma kimya. Akishika kitabu, nyumba nzima inasoma naye, mpende msipende. Wiki iliyofuata matanga ya babu yake, viti vya kukodi vimesharudishwa na turubai limekunjwa, nilikuwa nimekaa sebuleni kwetu Kibamba nikijifanya naangalia televisheni, naye yuko mezani anakariri historia kwa sauti ya mhubiri. Somo lilikuwa mambo yaliyovigeuza Vita Kuu vya Pili vya Dunia. Akasema Stalingradi, akasema Alameini, akasema Midwei, halafu akakwama, anajigongagonga meno kwa kalamu. Nikamwambia, "Normandi. Na Impali umeiruka." Aligeuka akanitazama kama vile kabati ndilo lililosema. Mimi ndiye bibi anayeombaga asomewe ujumbe wa simu kila nikisahau miwani, yaani kila siku. "Bibi! Wewe Stalingradi umeisoma wapi?" Nikamjibu kwamba niliisoma dirishani. Akacheka, akidhani ni kichwa cha mfiwa kinachohangaika, akarudi kwenye kitabu chake. Lakini nilikuwa nasema kweli tupu, na kwa kuwa mwenye kuijua kweli hiyo pamoja nami tumeshamzika, nimeona niiandike.

Mwaka wenyewe ni ule wa vita vya Kagera. Nilikuwa bi harusi ambaye hata zawadi hajamaliza kuzifungua. Mume wangu Ambakisye, ambaye kila mtu alimwita Amba, alikuwa dereva wa lori, na nduli wa Kampala alipotuvamia, lori la kampuni yao lilichukuliwa kupeleka mizigo ya jeshi mpakani, dereva akiwa ndani yake. Aliniacha kwa wazazi wake Temeke. Alikuwa mtu wa maneno mengi, Amba. Alikuwa anaweza kukusimulia safari ya kwenda dukani kununua kiberiti ukacheka mpaka ukashika mbavu. Asubuhi alipoondoka alipiga honi mtaa mzima ukatoka nje, akanikemea kutoka dirishani mwa lori kwamba nisimalize asali ya harusi peke yangu. Mwaka ule nilitaka kitu kimoja tu duniani: Amba arudi, na akirudi awe Amba yuleyule.

Sasa nieleze habari za baba mkwe wangu. Mzee Mwakibinga alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, na kwa mila za kwao baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Sisemi hawapatani, nasema hawaonani. Shangazi yake Amba alinikalisha chini kabla ya harusi akanipa masharti: usikutane naye njiani, usile anapokula, usitaje jina lake, usimwamkie. Hilo la mwisho ndilo lililonitesa. Mimi ni mtoto wa Kinondoni, nimefundishwa kwamba kumpita mtu mzima bila shikamoo ni kujitangazia laana, leo naambiwa shikamoo yenyewe ndiyo utovu wa adabu. Na nyumba ya Temeke haikujengwa kwa ajili ya mila hiyo. Ilikuwa na korido moja, choo kimoja, uani mmoja. Ukitoka na ndoo yako ya kuoga hujui utamkuta nani. Kwa hiyo Mzee alikuwa akikohoa. Kabla ya kuingia koridoni anakohoa, kabla ya kutoka uani anakohoa, na mimi nikisikia najibanza chumbani au naugeukia ukuta mpaka viatu vyake vipite. Miezi ikapita sijaijua sura yake vizuri. Nilijua kisogo chake, kikohozi chake, na sauti yake.

Sauti yake niliijua kuliko zote, kwa sababu chumba chetu kilikuwa cha mbele na dirisha lake lilifunguka barazani. Kulikuwa na nondo, wavu wa mbu, na pazia la kitenge, na upande wa pili wa pazia, kila jioni baada ya taarifa ya habari, alikuwa anakaa Mzee Mwakibinga na jirani yetu Mzee Kondo, Mzaramo aliyestaafu kazi ya kupakua meli bandarini. Wote wawili walikuwa vijana wakati wa vita vya dunia. Kondo alivipitisha bandarini, akisikiliza habari za Ulaya kwenye redio ya ofisi ya mzungu wake. Baba mkwe alikuwa keya, yaani askari wa Kiafrika wa jeshi la Mwingereza, akapelekwa kwa meli mpaka kisiwa cha Seloni na kutoka hapo mpaka misitu ya nchi ya Bama kupigana na Mjapani. Redio ikishasema ya Kagera, wao wanarudi kwenye vita vyao, wanabishana ni wapi hasa viligeuka. Mimi ndani nachambua mchele au nashona shuka, na ninayasikia yote.

Mzee Kondo alikuwa mtu wa Mrusi. "Mjerumani alivunjwa Stalingradi, basi, mambo mengine yote ni mbwembwe," alikuwa akisema. "Kaingia mjini, kauona mto ule pale, anadhani kashamaliza kazi. Kumbe Mrusi anamzunguka kwa nyuma, na theluji juu." Hapo ataulizwa theluji ameiona lini. "Theluji si ule ukungu wa kwenu Tukuyu? Tofauti ule wenu haukanyagiki." Mzee Mwakibinga anamwacha acheke, halafu anampa Alameini, jangwa la Misri, ambako Mjerumani alikuwa anataka kuufikia mfereji wa Suezi akaishiwa mafuta ya vifaru. Anampa Midwei, ambako Mmarekani alizizamisha meli za Mjapani zinazobeba ndege, mahali ambapo meli zenyewe hata hazikuonana. Anampa Normandi, majeshi yanashuka ufukweni Ufaransa huku bahari imechafuka. Alikuwa anavijua vyote, alivipata kwenye magazeti ya jeshi na kwa miaka mingi ya kusikiliza, na alivisimulia bila haraka, kwa sauti kubwa kupita kiasi. Mtu amekaa naye hatua moja, anampigia kelele kama yuko ng'ambo ya barabara. Nilikuwa nakerwa kweli. Nilijiambia huyu mzee anajisifu, na zaidi ya hapo hanipendi, ndiyo maana hata kivuli changu anakikwepa.

Lakini kisa cha Bama kilipofika sikuweza kuchambua mchele. Mzee hakuwa mpiga bunduki hodari, na hakudai kuwa. Alikuwa mpishi. Vita alivisoma kwenye sufuria. Alisimulia jinsi walivyomfukuza Mjapani kwenye bonde la malaria, mvua za masika ya kule hazikatiki, nyumbu wanazama kwenye tope, watu wamegeuka manjano kwa vidonge vya kuzuia homa, na ndege zinapita chini zikimwaga magunia ya mchele ambayo yakikuangukia umekufa sawa na aliyepigwa risasi. Kuni zote zimelowa. Yeye alikuwa akipasua mianzi vijiti vidogo, anavifunga kifuani ndani ya shati na kulala navyo, ili joto la mwili wake livikaushe mpaka asubuhi. "Basi nilikuwa na upele hapa kifuani kama mtoto wa surua," alisema, "lakini moto ulikuwa unawaka." Na vita viligeuka lini? "Siku chai yangu ilipofika mstari wa mbele ikiwa bado ya moto. Mjapani kule anakula majani. Sie tunaunguza ulimi. Nikajua huyu kesho kutwa hayupo." Kondo akasema kwamba Mnyakyusa hata vita atavipima kwa tumbo. Wakacheka wote, na mimi ndani nilicheka, nikajiziba mdomo kwa kanga.

Halafu zikaja siku mbaya. Redio ilikuwa inasema tunasonga mbele, lakini mtaani watu husema yao, na mtaani ilisemwa kwamba msafara wa malori umepigwa njiani, madereva wameteketea. Hakuna aliyejua ni malori gani. Nilikosa usingizi, nikakosa hata hamu ya kuchana nywele. Jumamosi kaka yangu Yohana akaja kutoka Kinondoni, amevaa shati lake la kanisani, nikajua ametumwa. Tukakaa chumbani mlango wazi. "Dada, mama anasema urudi nyumbani," alisema. "Hapa unakaa kwa nani? Mume hayupo, mkwe hakusemeshi, unajificha nyuma ya milango kama mwizi. Ukipata habari mbaya upatie kwenu." Nikamuuliza kama wao wameshaamini kwamba Amba amekufa. Alisema atapita kesho baada ya ibada na gari la rafiki yake, nifunge vitu vyangu. Kusema kweli nilikuwa nimeshachoka. Niliburuta sanduku kutoka uvunguni, nikaanza kukunja.

Jioni ile Mzee hakungoja hata taarifa ya habari iishe. Kondo hajakaa sawasawa, tayari ameanza, na sauti yake ilikuwa juu kuliko siku zote. Alisimulia Impali, mji ulio karibu na mpaka wa Bama. Alisema yeye hakuwepo, aliyakuta mabaki yake tu alipopita. Huko mwanzo, alisema, kila Mwingereza alipozungukwa na Mjapani alikuwa anakimbia, na kila alipokimbia alikwisha, maana Mjapani ndicho alichotaka, watu waache vyombo vyao watawanyike msituni. "Sasa pale Impali akazungukwa tena. Barabara imekatwa. Kila mtu anajua kinachofuata. Jenerali wao akasema safari hii hatuondoki. Kaeni hapohapo mlipo, shikeni mlichoshika, chakula nitawaletea kwa ndege. Wakakaa. Kondo, wale watu hawakujua kama wanashinda! Siku vita inapogeuka haipigwi tarumbeta. Wewe uliyemo ndani unaona ndiyo unakufa. Walikaa tu, na aliyechoka akawa ni yule aliyewazunguka." Kondo akamuuliza, ndugu yangu, mbona unapayuka, masikio yangu mazima. Nikasikia kiti kinasogezwa, na viatu vya Mzee vinaondoka.

Mama mkwe aliingia na sahani ya chakula changu, akanikuta nimekaa kitandani katikati ya nguo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye kusema ukweli bila kuuzungusha. Alilitazama sanduku, akanitazama mimi. "Umesikia?" Nikasema nimesikia, mtaa wote umesikia. "Basi nikuulize. Hizo habari za Bama Kondo amezisikia tangu hajaota mvi. Wewe unadhani jioni zote hizi anaambiwa Kondo?" Sikuelewa mara moja. Akanionyesha dirisha kwa kidevu. "Mila inamkataza kusema na wewe. Haimkatazi kusema karibu na wewe. Kile kiti zamani kilikuwa upande wa pili wa mlango, kwenye upepo. Siku Amba alipoondoka akakihamishia hapa kwenye joto." Akaweka sahani akatoka. Nililia, na sikulia kwa huzuni. Nililia kwa kupendwa na mtu ambaye sijawahi kumwamkia. Kesho yake Yohana alipokuja na gari nilimtolea chai, nikamwambia amsalimie mama, mimi nakaa.

Na chakula kikanifuata, kama kule Impali. Kila baada ya siku chache mama mkwe aliniletea kitu na kusema kimepatikana tu: parachichi, maziwa ya mgando, siku moja sukari, wakati sukari ilikuwa inatafutwa kwa foleni mji mzima. Mzee naye alianza kupotea mchana. Alikuwa anakwenda Gongo la Mboto, karibu na kambi, kukaa kwenye magenge ambako madereva waliorudi na majeruhi walikuwa wakinywa chai. Hakuwauliza vita vinaendeleaje, alisema hilo swali kila mtu atakudanganya. Aliwauliza wanakula nini. Jioni anarudi, anamwambia Kondo, yaani mimi: wiki hii ni biskuti. Wiki hii wanachoma ndizi za watu. Halafu siku moja nikasikia viatu vinakuja mbio, mzee mzima, na kabla hajakaa anasema, "Ugali na maharage, Kondo! Wamepika jioni, wameketi chini, wamekula. Vita imekwishageuka." Redio ilichukua muda kabla ya kutuambia kwamba Kampala imeanguka. Sisi Temeke tulikuwa tunajua.

Nimeishi muda mrefu sasa na nimewasikia watu wengi wakieleza vita: wanasiasa, walimu, vijana wenye video zao kwenye simu. Wote ni hodari, na Tumpe wangu atafaulu mtihani wake, namwombea. Ila zaidi ya Mzee sijamsikia mwingine aliyevitazama vita vikubwa kama vile, na mamilioni yake ya wafu, akachagua humo jambo ambalo msichana mmoja aliyejifungia Temeke anaweza kulala nalo. Kila jioni alikuwa akipima moyo wangu kwa kusikiliza tu kama nacheka au niko kimya nyuma ya pazia, kisha anachagua asimulie nini. Nikiwa na nguvu ananipa Stalingradi. Nikiwa nimelia ananipa tembo wa Seloni wakioga mtoni. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kunisikiliza kiasi hicho, na yeye ndiye aliyekuwa anasema.

Amba alirudi mwaka unapoishia. Alishuka kwenye lori la jeshi barabarani, akatembea na begi lake, akaingia, akakaa. Mtaa ulikuja, vigelegele, ngoma, Kondo analia waziwazi. Amba alikuwa anaitikia "asante" na "nzuri" na hapo ndipo alipoishia. Hakuwa na jeraha. Alikuwa amekonda tu, na alikuwa hasemi, na alikuwa hali. Tulimpikia kila tulichokumbuka anakipenda. Atamega tonge, ataliviringisha vidoleni, ataliweka pembeni ya sahani, atanawa. Nikimuuliza usiku anasema ameshiba. Niliyemngoja amerudi, na aliyerudi sikumjua, na nilianza kuogopa kwamba nitazeeka na mgeni.

Jumapili moja asubuhi nilikuwa jikoni uani, nimeinamia mafiga, nikahisi mtu nyuma yangu. Hakukuwa na kikohozi. Nilipogeuka, alikuwa amesimama baba mkwe wangu, uso kwa uso, amekunja mikono ya shati lake jeupe la kanisani. Nilitaka kukimbia, pa kukimbilia hapakuwepo. Akachukua kisu, akavuta mkungu wa ndizi, akakaa kwenye kigoda changu na kuanza kumenya, haraka na sawasawa. Mzee huyu, mama mkwe aliniambia baadaye, hakuwa amegusa sufuria tangu atoke jeshini. Baada ya kuteleka akainua kichwa, na baada ya mwaka mzima wa Stalingradi na Bama, neno la kwanza aliloniambia mimi mwenyewe lilikuwa hili: "Binti yangu, chumvi iko wapi?"

Nikampa. Akaendelea kukoroga, sasa kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuijua. "Niliporudi mie, nilikaa Tukuyu sili. Hii sijamwambia Kondo. Kule nilikuwa naambiwa watu wangapi, napika. Chakula kinaiva, nagawa, sahani zinabaki. Unajua kabisa hii ilikuwa ya nani. Ukishapika chakula cha mtu ambaye hakurudi kukila, kula kunakuwa aibu." Nikamuuliza, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake, "Baba, dawa yake nini?" Akatikisa kichwa. "Sijui. Najua kupika tu. Tandika meza. Na wewe utakaa, na mama yako atakaa. Tunakula wote."

Nilitandika. Nilikaa kwenye kiti kinachomwelekea baba mkwe wangu, mchana kweupe, bila pazia. Mama mkwe alikaa pembeni yangu akitazama dari. Tukamwita Amba. Alitoka chumbani akasimama mlangoni. Akamwangalia baba yake aliyeshika mwiko, na aproni ya mama imefungwa kiunoni. Akaniangalia mimi. Akamwangalia mama yake. Akarudi kwa baba yake, na nikaona kitu kinapanda usoni kwake taratibu, mshangao wa mtu aliyekuwa amelala garini na kuamka mji mwingine.

"Jamani," alisema. "Mila zote mmezitupa? Baba jikoni, mke wangu mezani na Baba! Sasa hii nyumba ya nani? Mie nimerudi kwa nani hapa?"

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoyatamka tangu ashuke kwenye lori. Hakuna aliyethubutu kucheka. Mzee Mwakibinga alipakua ndizi, akaijaza sahani mpaka juu, akaiweka mbele ya kiti kilichokuwa wazi.

"Kwako," akasema. "Hiki chakula chako. Na wewe umerudi kukila."

Amba akavuta kiti.